Mbu Wanaofanana, Spishi Tofauti: Ushahidi wa Mageuko na Namna Spishi Mpya Zinavyotokea

Mtaalamu wa wadudu akiweka chini ya darubini mbu watatu, mmoja aliyetoka katika dimbwi la mvua karibu na nyumba, wa pili katika zizi la ng'ombe na wa tatu katika maji ya chumvi kando ya mikoko, huenda asione tofauti yoyote ya kuaminika baina yao. Mabawa yana mabaka yale yale, miguu ina madoa yale yale, na wote huinua mkia wanapotua ukutani. Kwa muda mrefu katika karne ya 20 wataalamu wengi waliwaita wote kwa jina moja, Anopheles gambiae, na kuwahesabu kuwa mbu mmoja anayeeneza malaria barani Afrika.

Hata hivyo, mbu huyo mmoja alikuwa na tabia zilizopingana. Mahali pengine aliingia ndani ya nyumba usiku na kumwuma binadamu tu. Mahali pengine alipendelea ng'ombe na kupumzika nje. Mahali pengine viluwiluwi wake walikufa wakitiwa katika maji ya chumvi. Pwani walistawi humo humo. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 watafiti, miongoni mwao George Davidson na Hugh Paterson, waliwapandanisha katika maabara mbu waliotoka sehemu mbalimbali za Afrika. Baadhi ya jozi zilizaa watoto wazima. Jozi nyingine zilizaa chotara wa kike walioweza kuzaa, lakini chotara wao wa kiume walikuwa tasa. Jambo hilo lilimaliza ubishi: mbu aliyedhaniwa kuwa mmoja alikuwa ni ukoo wa spishi kadhaa. Leo ukoo huo unahesabiwa kuwa na spishi zisizopungua nane.

Ugunduzi huo haukuwa wa kupamba vitabu tu. Ikiwa spishi moja huuma binadamu na nyingine huuma mifugo, basi kuhesabu mbu wote kwa pamoja ni kujidanganya kuhusu hatari iliyopo. Ikiwa moja hulala ndani na nyingine nje, basi dawa ukoko inayopuliziwa ukutani itaua moja na kuiacha nyingine. Kwa hiyo swali la namna spishi moja inavyogawanyika na kuwa nyingi, ambalo wengi hulidhani kuwa la wanafalsafa, linamhusu pia mganga wa zahanati, mtoto aliye chini ya chandarua na mjamzito anayehudhuria kliniki.

Spishi ni nini?

Maana inayotumiwa zaidi na wanabiolojia ni hii: spishi ni kundi la viumbe ambao huzaliana wao kwa wao katika maisha yao ya kawaida, na watoto wao nao huweza kuzaa. Punda na farasi huweza kupandana, lakini nyumbu anayezaliwa kwao kwa kawaida ni tasa. Kwa sababu hiyo punda na farasi ni spishi mbili. Mipaka hii haitegemei sura. Mbwa mkubwa wa ulinzi na kijibwa cha kubebwa mkononi hutofautiana mno kwa umbo, lakini ni spishi moja. Mbu wa zizini na mbu wa nyumbani hufanana kama mapacha, lakini ni spishi mbili.

Maana hii ina upungufu wake. Haiwezi kutumika kwa bakteria, ambao hawahitaji kupandana ili waongezeke, wala kwa viumbe waliobaki kama visukuku ndani ya miamba. Aidha, kama itakavyoonekana mbele, kuna makundi ya viumbe yaliyo katikati: yameanza kutengana lakini hayajatengana kabisa. Hilo si dosari ya sayansi. Ndilo jambo ambalo mtu angetarajia kuliona ikiwa spishi mpya hutokana na spishi za zamani kwa hatua ndogo ndogo.

Kumbukumbu zilizomo mwilini

Ushahidi kwamba viumbe wana asili ya pamoja na kwamba wamebadilika umo katika miili ambayo wanafunzi wa utabibu huisoma kila siku. Daktari bingwa anayemfanyia upasuaji mgonjwa wa rovu hujihadhari sana na neva moja nyembamba inayoendesha zoloto, yaani kisanduku cha sauti. Ikijeruhiwa, sauti ya mgonjwa hukauka. Neva hiyo hutoka kwenye ubongo, lakini haiendi moja kwa moja kwenye zoloto lililo karibu. Upande wa kushoto hushuka hadi kifuani, huzunguka chini ya tao la mshipa mkuu wa damu unaotoka moyoni, kisha hupanda tena shingoni. Kwa twiga, safari hiyo ya kwenda na kurudi ni ya mita kadhaa, ingawa zoloto liko sentimita chache tu kutoka mahali neva inapoanzia.

Njia hiyo ndefu ina maelezo. Katika samaki, neva inayolingana nayo hupita nyuma ya mshipa wa damu unaoelekea kwenye mashavu ya kupumulia, na hapo njia yake ni fupi na iliyonyooka. Katika mimba ya binadamu neva na mshipa huanza katika mpangilio huo huo wa kale. Shingo inaporefuka na moyo unaposhuka kifuani, mshipa huivuta neva pamoja nao. Mageuko hayaanzi upya kwa karatasi tupu; hurekebisha kile kilichorithiwa.

Ushahidi wa pili umo katika vitamini C. Mbuzi, ng'ombe na mbwa huitengeneza wenyewe mwilini. Ndiyo maana mbwa anayekula nyama na ugali haugui kiseyeye. Binadamu hawezi. Hata hivyo, DNA yake ingali na jeni ya kutengeneza kimeng'enya cha mwisho katika kazi hiyo, ila imeharibika na haifanyi kazi. Sokwe, gorila na nyani wana jeni hiyo hiyo, nayo imekufa pia, huku wakibeba mabaki yanayolingana. Simbilisi naye hupata kiseyeye kwa sababu jeni yake imekufa, lakini uharibifu wake ni wa namna nyingine. Mwalimu anayesahihisha mitihani hulielewa jambo hili mara moja. Wanafunzi wawili wakitoa jibu sahihi linalofanana, hakuna la ajabu. Wakikosea kosa lile lile, neno kwa neno, mmoja amenakili kwa mwenzake au wote wamenakili mahali pamoja.

Ushahidi wa tatu uko katika hesabu ya kromosomu. Sokwe ana jozi 24, binadamu ana jozi 23. Ikiwa wana asili moja, jozi moja imekwenda wapi? Uchunguzi wa DNA ulionyesha kwamba kromosomu ya pili ya binadamu ni muungano wa kromosomu mbili ambazo kwa sokwe bado zimetengana. Katikati yake pamebaki mfuatano wa DNA ambao kwa kawaida hupatikana kwenye ncha za kromosomu tu, kama alama ya mshono pale vitambaa viwili viliposhonwa pamoja.

Miamba nayo inakubaliana na miili. Huko Tendaguru, mkoani Lindi, yamechimbwa mabaki ya dinosaria wa takriban miaka milioni 150 iliyopita. Humo hakuna mfupa wa binadamu, wala wa nyani, wala wa ng'ombe. Huko Laetoli, kusini mwa Olduvai, timu ya Mary Leakey ilifukua katika miaka ya 1970 nyayo za viumbe waliotembea kwa miguu miwili juu ya majivu ya volkano yapata miaka milioni 3.6 iliyopita, muda mrefu kabla ya kuwapo binadamu wa leo. Kila tabaka la mwamba lina viumbe wa zama zake, na mpangilio huo haujapinduliwa.

Uteuzi asilia mbele ya macho

Charles Darwin alipochapisha kitabu chake mwaka 1859, alidhani kwamba mabadiliko ya viumbe huenda polepole mno kiasi kwamba hakuna mtu atakayeyaona yakitokea. Katika hilo wauguzi wa Afrika Mashariki wameona zaidi yake.

Uteuzi asilia unahitaji mambo matatu tu. La kwanza ni tofauti: viumbe wa kundi moja wasifanane katika kila jambo. La pili ni urithi: tofauti hizo zipite kutoka kwa wazazi kwenda kwa watoto. La tatu ni kwamba baadhi yao wazae watoto wengi zaidi kuliko wenzao kwa sababu ya tofauti hizo. Mambo hayo matatu yakikutana, kundi litabadilika kizazi baada ya kizazi, hata kama hakuna kiumbe hata mmoja aliyebadilika katika uhai wake.

Watu husema kwamba vimelea vya malaria "vimeizoea" klorokwini, kama vile mtu anavyozoea pilipili. Sivyo. Kimelea kisichokuwa na kinga dhidi ya dawa hakijifunzi, hufa. Kinachotokea ni kwamba miongoni mwa mabilioni ya vimelea walikuwapo wachache ambao jeni yao moja, inayoongoza uchukuzi wa vitu katika tumbo la kimelea, ilikuwa na mabadiliko yaliyowawezesha kuitoa dawa nje. Dawa iliwafagia wenzao na kuwaachia uwanja. DNA ya vimelea sugu vilivyofika Afrika Mashariki mwishoni mwa miaka ya 1970 inaonyesha kwamba asili yao ni Asia ya Kusini-Mashariki. Ukoo wao ulifuatiliwa kwa njia ile ile inayotumika kufuatilia ukoo wa binadamu na sokwe: kwa kulinganisha alama za pamoja katika DNA.

Malawi iliacha kutumia klorokwini mwaka 1993. Ikiwa maelezo ya uteuzi asilia ni sahihi, basi dawa ikiondolewa, vimelea sugu vitapoteza faida yao na vile vinavyouawa na dawa vitarudi. Ndivyo ilivyokuwa. Alama ya usugu katika vimelea vilivyopimwa ilishuka kutoka asilimia 85 mwaka 1992 hadi asilimia 13 mwaka 2000, na utafiti uliochapishwa mwaka 2006 ulionyesha kwamba klorokwini iliwaponya karibu watoto wote waliopewa. Tanzania ilipitia njia iyo hiyo ya kubadili dawa: mwaka 2001 iliiacha klorokwini na kuchukua SP, na mwaka 2006 SP nayo ikaiachia nafasi dawa mseto. Kila badiliko hilo la mwongozo wa matibabu lilikuwa ni jibu la serikali kwa mageuko ya kimelea.

Binadamu naye hakuachwa nje. Mwaka 1954 Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, alichapisha matokeo ya uchunguzi wake wa Afrika Mashariki: watu waliorithi jeni ya selimundu kutoka kwa mzazi mmoja tu walikuwa na kinga kiasi dhidi ya malaria kali. Anayerithi jeni hiyo kutoka kwa wazazi wote wawili hupata ugonjwa wa selimundu. Kwa hiyo jeni inayoumiza baadhi ya watoto haikupotea pale malaria ilipotawala, kwa sababu iliwaokoa wengi zaidi. Uteuzi asilia hauna huruma wala hauna shabaha. Huhesabu tu nani aliyeishi akazaa.

Kutoka tofauti hadi utengano

Mabadiliko ndani ya spishi moja ni jambo moja. Kugawanyika kwa spishi kuwa mbili ni jambo jingine. Ili spishi moja igawanyike, ni lazima mchanganyiko wa jeni kati ya makundi yake upungue. Maadamu makundi mawili yanaendelea kuoana, kila tofauti inayotokea upande mmoja humwagikia upande wa pili. Mchanganyiko ukikoma, kila kundi hukusanya tofauti zake, hata ifike siku ambapo hata yakikutana tena hayawezi kuzaa watoto wazima.

Njia iliyo rahisi kueleweka ni ya kizuizi cha ardhi au maji. Kima punju wa Unguja, mbega mwekundu wa milima ya Udzungwa na mbega mwekundu wa bonde la mto Tana ni jamaa wa karibu, na wataalamu wengi huwahesabu kuwa spishi tatu. Wote ni wanyama wa msitu wasioweza kuishi katika mbuga kavu wala kuvuka bahari. Msitu ulipokatika vipande na bahari ilipokitenga kisiwa na bara, kila kundi lilibaki peke yake na kufuata njia yake.

Njia ya pili haina kizuizi cha namna hiyo, nayo huonekana vizuri katika Ziwa Viktoria. Wavuvi wa ziwa hilo huwaita furu samaki wadogo ambao wanasayansi wamewatambua kuwa mamia ya spishi: wapo wanaokula mwani, wapo wanaopasua konokono, wapo wanaowinda samaki wengine. Udongo uliochimbwa chini ya ziwa unaonyesha kwamba ziwa lilikauka na kujaa tena yapata miaka 15,000 iliyopita. Kwa kipimo cha historia ya dunia, huo ni muda mfupi sana kwa wingi huo wa spishi. Sehemu ya maelezo ni kwamba furu hawakuanza na mzigo mdogo. Uchunguzi wa jeni zao unaonyesha kwamba mababu wao walikuwa chotara wa koo mbili za kale, na kwa hiyo walikuwa na tofauti nyingi ambazo uteuzi asilia ungeweza kuzipanga upya.

Katika ghuba ya Mwanza, Ole Seehausen na wenzake waliwachunguza furu wawili wa jenasi Pundamilia, jina lililotokana na neno la Kiswahili kwa sababu ya milia yao. Mmoja ni Pundamilia pundamilia, ambaye dume wake ni wa buluu. Mwingine ni Pundamilia nyererei, aliyepewa jina kwa heshima ya Mwalimu Julius Nyerere, ambaye dume wake ni mwekundu mgongoni. Katika maji ya ziwa, mwanga wa buluu hupotea upesi kadiri mtu anavyozama, na mwanga mwekundu hubaki. Dume wa buluu huishi karibu na uso wa maji, dume mwekundu huishi chini zaidi. Jeni za macho yao nazo hutofautiana: samaki wa chini huona wekundu vizuri zaidi. Jike humchagua dume ambaye jicho lake humwona aking'aa. Hivyo jicho lililofaa kwa kutafuta chakula katika kina fulani liliwatenga pia wachumba. Hapakuwa na mlima wala mto kati yao.

Jambo la kutia wasiwasi ni lile lililoonekana mahali maji yalipochafuka. Penye maji maangavu, furu wa buluu na mwekundu ni spishi mbili zilizojitenga vizuri. Penye matope na mwani mwingi, ambapo rangi hazionekani, samaki huwa na rangi ya katikati na mpaka hupotea. Mmomonyoko wa udongo na maji taka yanayoingia ziwani yanaweza kufuta spishi bila kuua samaki hata mmoja, kwa kuwazuia tu kutambuana. Ukiongeza sangara, aliyepandikizwa ziwani katika miaka ya 1950 na kuongezeka mno katika miaka ya 1980, inakadiriwa kwamba takriban spishi 200 za furu zimetoweka. Kazi iliyochukua maelfu ya miaka imevurugwa katika umri wa mtu mmoja.

Mpaka unaovuja

Mbu wa ukoo wa Anopheles gambiae wanaonyesha sura ya tatu ya jambo hili: utengano unaoendelea sasa, na ambao haujakamilika. Mwaka 2013 kundi moja la mbu wa Afrika Magharibi na ya Kati lilitambuliwa rasmi kuwa spishi yenye jina lake, Anopheles coluzzii, kwa heshima ya Mario Coluzzi, mtaalamu wa Kiitalia aliyechunguza kromosomu za mbu hao kwa miaka mingi. Anopheles gambiae hupenda madimbwi ya mvua yanayokauka upesi. Anopheles coluzzii hustawi zaidi katika maji yanayodumu, mathalani mashamba ya mpunga ya umwagiliaji. Kilimo cha binadamu kimeiandalia makazi spishi ambayo ni changa kwa kipimo cha mageuko.

Spishi hizo mbili zikipandanishwa katika maabara huzaa watoto wazima. Hata hivyo, porini chotara ni wachache katika sehemu nyingi. Sababu mojawapo ni tabia ya kuoana. Wakati wa machweo madume wa mbu huruka kwa makundi angani, na majike huingia humo kutafuta wenza. Makundi ya spishi hizo mbili mara nyingi hukusanyika juu ya mahali tofauti, moja juu ya ardhi tupu, jingine juu ya alama zilizo wazi ardhini. Hatua chache tu za umbali zinatosha kutenga nasaba.

Mpaka huo, hata hivyo, unavuja. Jeni inayowapa mbu usugu dhidi ya viuatilifu vya jamii ya pareto, ambavyo ndivyo vilivyotumika kwa miaka mingi katika vyandarua, imevuka kutoka Anopheles gambiae hadi Anopheles coluzzii kupitia chotara wachache. Chotara hao wangeweza kudhaniwa kuwa si kitu. Lakini viuatilifu vilipoenea, jeni waliyoibeba ikawa na thamani ya uhai, na uteuzi asilia ukaieneza. Utafiti wa jenomu uliochapishwa mwaka 2015 ulionyesha kwamba hata Anopheles arabiensis, spishi iliyo mbali zaidi na hizo mbili, imebadilishana nazo sehemu kubwa ya DNA hapo kale, licha ya utasa wa chotara wa kiume, kwa kuwa chotara wa kike huzaa. Mti wa ukoo wa viumbe una matawi, lakini baadhi ya matawi hugusana kabla hayajaachana kabisa.

Nini kinachotokana na ujuzi huu

Vyandarua vilipoenea Kenya na Tanzania, Anopheles gambiae, anayeuma watu ndani ya nyumba usiku wa manane, alipungua sana katika maeneo mengi. Anopheles arabiensis hakupungua kwa kiwango hicho, kwa sababu huuma pia nje, huuma pia ng'ombe, na huweza kukosa kukutana na chandarua. Mtu aliyehesabu mbu bila kutenganisha spishi angeona kwamba mbu "wale wale" wameacha kufa na angelaumu vyandarua au watu wanaovitumia. Aliyetenganisha spishi aliona kwamba vyandarua vilifanya kazi yake, na kwamba kilichobaki ni mbu mwingine anayehitaji mbinu nyingine. Siku hizi mguu mmoja wa mbu hutosha kupima DNA na kuitambua spishi yake.

Upangaji wa kinga unaojali mageuko umeanza kuzaa matunda. Katika wilaya ya Misungwi, mkoani Mwanza, utafiti uliochapishwa mwaka 2022 ulilinganisha vyandarua vya kawaida na vile vyenye viuatilifu viwili vinavyoua kwa njia tofauti. Vyandarua vyenye kiuatilifu cha jamii ya pareto pamoja na klorfenapiri viliwakinga watoto vizuri zaidi. Hoja yake ni ya hesabu tu: mbu mwenye jeni ya kushinda sumu moja anaweza kupatikana, lakini mwenye jeni za kushinda sumu mbili kwa wakati mmoja ni adimu zaidi. Kwa sababu iyo hiyo dawa ya malaria sasa ni mseto, na dawa za kifua kikuu hutolewa kadhaa kwa pamoja. Mgonjwa anayeacha dozi katikati kwa kuwa homa imeshuka huwaacha hai vimelea vilivyosalia vikiwa vimeonja dawa. Anayemeza dawa bila kupimwa huzidisha uteuzi wa vimelea sugu bila faida yoyote kwake.

Swali moja huulizwa katika kila mjadala wa mageuko: ikiwa binadamu ametokana na nyani, mbona nyani bado wapo? Mbu wa pwani hutoa jibu. Anopheles merus wa maji ya chumvi hakuzaliwa na Anopheles gambiae wa madimbwi ya mvua, wala huyo hakuzaliwa na merus. Wote wawili ni wajukuu wa mbu wa kale ambaye hayupo tena, na kila mmoja aliishika njia yake. Hali kadhalika binadamu na sokwe ni mabinamu waliotokana na babu mmoja aliyeishi mamilioni ya miaka iliyopita. Mtu hashangai kuwa binamu yake yu hai.

Neno "nadharia" nalo huwapotosha wengi, kwa kuwa katika mazungumzo ya kila siku humaanisha dhana isiyothibitishwa. Katika sayansi, nadharia ni maelezo yanayounganisha ushahidi mwingi na kutabiri jambo ambalo bado halijaonekana. Maelezo ya mageuko yalitabiri kwamba vimelea vinavyouawa na klorokwini vitarudi Malawi, na vikarudi. Yalitabiri kwamba mshono utapatikana katika kromosomu ya binadamu, na ukapatikana. Sasa yanatabiri kwamba kila kiuatilifu kipya kitakachotumiwa peke yake, kila mahali na kwa muda mrefu, kitakutana na mbu asiyekufa kwacho. Wizara, watafiti na wananchi hawana sababu ya kulisubiri hilo litimie ndipo waanze kujiandaa.